Saa Mbili ya Kinshasa

Félicité alikataa kukaa. Dany, mwendesha foni, ile redio ya mawasiliano ya parokia ya Baraka, alimsogezea kiti mara mbili, lakini yeye alibaki amesimama karibu na mashine.

Mume wake, Fabien, alikuwa ndani ya ndege kutoka Kinshasa kwenda Goma. Vita vilimkuta Kinshasa mwaka 1998. Sasa ilikuwa Septemba 2003, na ndege za abiria zilikuwa zimeanza tena kuvuka mstari wa mapigano. Jana yake alisema kwenye foni: tunaondoka saa mbili asubuhi.

Alphonse, mdogo wake Fabien, mwalimu wa jiografia, alipima kwenye ramani: kilomita 1,560 hivi, mwendo wa saa mbili kwa ndege kubwa. Saa nne wangekuwa chini. Sasa ilikuwa saa tano kasoro robo. Mwendesha foni wa Goma, ambaye dirisha lake linatazama uwanja wa ndege, alikuwa anajibu neno moja tu: bado.

"Mutumbwi ikichelewa, tunasema imelala Swima," Félicité alisema. "Ndege italala wapi?"

Swima ni kijiji cha kando ya ziwa; angani hakuna kijiji. Mwezi wa tano mlango wa ndege iliyotoka Kinshasa ulifunguka angani, watu wakaanguka. Habari hiyo ilifika hata vijiji vya mbali kama Lulimba.

Mlangoni akatokea Suzanne, mama yake Fabien, kitenge kimefungwa kiunoni.

"Muke wa mutoto yangu, kuya nyumbani. Bamama bameshatandika mikeka."

"Nani aliwaita?"

"Matanga haiiti muntu."

Mke ndiye hufungua kilio. Akikaa tu kwenye mkeka ule, wanawake wataanza, na baada ya hapo hakuna anayeuliza tena habari za ndege.

"Mi sitaikala, mama. Bakunje mikeka yabo."

"We iko na kichwa nguvu!"

"Mi niko na bwana."

Alphonse aliinua macho kutoka kwenye ramani.

"Dany, kaka alisema saa mbili ya wapi?"

"Ya Kinshasa. Si iko kule?"

Alphonse alijipangusa uso. "Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Ile nafundisha kila mwaka! Shemeji, saa mbili yabo ni saa tatu yetu. Haijachelewa."

Suzanne akakaa kwenye kiti. Saa tano ikafika, ikapita. Goma: bado. Dany alifuta vumbi kwenye mashine isiyokuwa na vumbi. Kisha Goma ikasema kuna moja inashuka, na mtu ametumwa uwanjani.

"Mama Ketsia, uko?"

Ilikuwa sauti ya Fabien, akimwita mke wake kwa jina la mtoto wao.

"Niko. Mama yako alitaka kukulilia muzima."

Fabien alicheka. "Kesho napanda boti ya Bukavu. Halafu Uvira, halafu kwenu. Nitafika lini?"

Kutoka Goma hadi Baraka hazifiki kilomita mia tatu kwa mstari ulionyooka. Baada ya Uvira kulikuwa na vizuizi vya wapiganaji barabarani, na wenye vizuizi walibadilika kila wiki. Alphonse hakupima.

"Usipange siku," Félicité alisema. "Ukifika Uvira, ita kwenye foni. Usipande gari mpaka tukuambie."