Utafiti wa Levis Kuhusu Moto wa Jikoni

Ijulikane kwa wakazi wote wa bonde la Lambwe, wakubwa kwa wadogo pamoja na mifugo yao, kwamba kuanzia Jumapili hadi Jumamosi Tume Huru ya Masufuria itahesabu ni mara ngapi chakula hupikwa nyumbani, na kwamba yeyote atakayeidanganya Tume atachukuliwa hatua kali.

Tume yenyewe ilikuwa mtu mmoja, Levis wa kidato cha tatu, aliyekuwa likizoni na amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wakazi waliohudhuria walikuwa kuku wanne na Mourine, mke wa kaka yake, aliyekuwa akichambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo.

"Shuka, shem," Mourine alisema. "Hiyo ndoo ni ya maji ya kunywa."

Mourine alikuwa ameolewa na Zadock mwaka wa pili sasa. Zadock alichimba dhahabu kule Macalder na kuja nyumbani alipopata nafasi. Nyumba alikuwa amemjengea mkewe, lakini haikuwa na moto. Katika boma lile mke wa kijana hupika katika jiko la mama mkwe mpaka siku mama mkwe mwenyewe atakapompangia mafiga matatu nyumbani kwake, mbele ya wanawake wa ukoo. Kabla ya siku hiyo hawezi kuchemsha hata chai kwake, na wenzake humsemesha kama msichana wa kazi. Benta, mama yake Zadock na Levis, alikuwa ametaja siku: Jumamosi ya wiki iliyofuata ile ya hesabu. Mourine alianza kuimba alipoosha vyombo.

Levis naye aliisubiri Jumamosi hiyo, kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu wa nidhamu. Sababu alikuwa nazo, na Tume haikulazimika kuzieleza.

Alifanya kazi kwa bidii ambayo walimu wake hawakuwahi kuiona. Alipiga mistari kwa rula. Alichonga mhuri kwenye kipande cha kiazi kitamu, akauchovya kwenye wino wa kalamu iliyovunjika. Benta alikuwa akitoka alfajiri kwenda kuuza omena sokoni Sindo na kurudi jioni, hivyo yaliyotokea jikoni mchana kutwa aliyajua kwa kuambiwa. Usiku wa kuamkia siku ya mafiga, ripoti ilikuwa chini ya kikombe chake cha chai.

Asubuhi wanawake walifika wakiwa na vitenge vya kanisani. Phanice, dada wa marehemu baba yake Levis, ndiye aliyekuja na mafiga, mawe matatu meusi kwenye karai. Mourine alikuwa amepaka sakafu samadi mbichi na kusuka nywele. Alipotoka kuwapokea, alimkuta Benta amesimama uani na karatasi mkononi.

"Kabla ya mawe," Benta alisema, "kuna mambo hapa."

Akasoma kwa sauti. Kwa siku saba chakula kilipaswa kupikwa mara ishirini na moja. Kilipikwa mara saba, jioni tu, mama wa nyumba akiwepo. Mchana Tume ililishwa mandazi ya kununua. Unga, hata hivyo, uliisha kama kawaida. *Ulikokwenda unga huo, Tume haina jibu.*

"Yawa!" mwanamke mmoja alisema, akafunika mdomo.

"Nilikuwa najiuliza," Benta alisema. "Gunia lilikuwa linashuka, nikasema ni panya. Nyar Karungu, binti wa Karungu, unga wangu unaupeleka wapi? Kwenu?"

"Mama, mimi napika kila siku. Muulize Levis."

"Levis ndiye ameandika."

Mourine akamgeukia. Hakukasirika. Alimtazama tu, akingoja acheke na kusema ni mzaha, kama alivyozoea. Levis alikuwa amepanga kucheka. Alifungua kinywa, akawaona wanawake wote wanamtazama yeye, akakifunga.

"Basi tutafute," Benta alisema.

Waliingia katika nyumba isiyo na moto. Viatu vyao viliacha alama kwenye samadi mbichi. Walipindua godoro, wakakung'uta blanketi na kumwaga sanduku la nguo, chupi zake zikaanguka mbele ya wakwe. Unga hawakuupata. Walipata sufuria moja mpya chini ya kitanda, karatasi ya dukani bado imebandikwa, imefungwa kwenye leso kama mtoto.

"Na hii umeinunua kwa unga wa nani?" Benta aliuliza.

Mourine alichukua leso, akaiacha sufuria. Alipita katikati yao hadi barabarani, akasimamisha bodaboda. Hakuna aliyemwita. Vumbi lilipotulia, pale uani palibaki wanawake, karai la mawe na Levis, ambaye alikuwa ameanza kurudi nyuma taratibu kuelekea chooni.

"Wewe, Tume," Phanice alisema. "Hebu kuja hapa."

"Mimi, Shangazi?"

"Ulifunga shule mwezi uliopita ukiwa umekonda kama fimbo. Inua shati."

"Shangazi, kuna watu."

"Hata Mourine alipopekuliwa kulikuwa na watu. Inua!"

Aliinua. Suruali ya shule ilikuwa imekataa kufunga. Kitufe na tundu lake vilikuwa mbali kama majirani waliokosana, na katikati palikuwa pamefungwa kamba ya katani.

"Mara saba kwa wiki," Phanice alisema polepole. "Na mandazi. Tumbo hili ni la mandazi?"

Benta aliitazama kamba, kisha karatasi. "Levis. Alipika mara ngapi?"

"Mara nne."

"Kwa wiki?"

"Kwa siku, Mama. Ya saa kumi ilikuwa yangu peke yangu. Nilikuwa namwomba." Machozi yalikuwa yamefika kidevuni. "Sikujua mtatafuta. Nilidhani mtaahirisha tu, mpaka shule ifunguliwe."

"Kwa nini?"

Wanawake wote walisogea ili wasikie vizuri.

"Akipata moto wake, wewe ndiye utakuwa unanipikia," Levis alisema. "Na chakula chako, Mama, hakiliki."