Simiti ya Goti

Njuguna alikataa kusimama. Jana yake alikuwa amewekewa goti jipya, na sasa Kibii, mtaalamu wa mazoezi, alikuwa amemletea fremu ya kutembelea mpaka kando ya kitanda. Njuguna aliitazama kama mtu anavyotazama ngazi iliyooza.

"Hatua chache tu, mzee wangu. Mpaka pale mlangoni."

"Umesema vyuma vimeshikwa na simiti?"

"Ndiyo."

"Basi toa hiyo kitu hapa."

Mtaa mzima wa Bondeni ulimjua Njuguna kwa zege. Alianza ujenzi alipoacha shule darasa la sita. Udongo wa Nakuru ni wa jivu, mvua ikizidi unafunguka, lakini nyumba zake hazikupasuka. Akishamwaga zege, alilifunika magunia na kulinywesha maji asubuhi na jioni, na ole wake atakayelikanyaga kabla ya ruhusa. Mwenye nyumba mmoja wa Kiamunyi alipitisha mkokoteni wa mawe juu ya sakafu mbichi. Njuguna alikusanya vifaa vyake akaenda zake, na hakurudi hata alipobembelezwa.

Sasa yeye alikuwa na chuma juu, chuma chini, plastiki ngumu katikati, na uji uliokorogwa ukishikilia vyuma kwenye mfupa. Uji wa jana! Halafu autwike mwili mzima?

"Baba Jackie," mkewe Mugure alisema, "hiyo si simiti ya mfuko."

"Najua si ya mfuko. Lakini kitu kimekorogwa ni kitu kimekorogwa. Lazima kipewe muda."

"Na goti likikauka hivyo? Nitakuwa nakupeleka choo kwa wilbaro?"

"Mama hakosei," Kibii alisema. "Goti lisiposogezwa mapema linakakamaa. Na mguu ukilala tu, damu inaweza kuganda."

Njuguna akautazama mguu wake. Fundi asiyeweza kupanda ngazi ni fundi gani? Lakini kuharibu kazi nzuri kwa pupa, hilo nalo hakuwahi kulifanya maishani.

Kibii alimwita Daktari Jepleting, aliyempasua. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono minene. Alipoelezwa hakucheka. Alitoka, akarudi na kidonge cheupe kama gololi.

"Hii ni simiti yako ya jana. Tukikoroga, tunabakiza kidogo nje, ndio tujue ya ndani imeshika. Igonge."

Njuguna aliigonga kwa kijiko, akasikiliza. Akaikwaruza kwa ukucha, kisha kwa mpini wa kijiko. Haikutoa hata vumbi.

"Ilichukua muda gani?"

"Kabla sijakushona ilikuwa jiwe. Hii haingoji jua wala maji. Unga ukikutana na dawa yake unapata moto, unashika, imeisha."

"Na chuma hakitacheza?"

"Mzee, ukimaliza ukuta, mwenye nyumba akisema hauamini, unamwambiaje?"

"Atafute fundi mwingine."

"Sawa. Hapa fundi ni mimi."

Mugure alifunika mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika. Njuguna alijikuna kidevu. Miaka yote amewasema wenye nyumba, wale wa kusimama mikono mfukoni wakifundisha kazi wasiyoijua. Leo alikuwa mmoja wao, tena amelala.

"Kibii, leta hiyo fremu."

Alisimama. Maumivu yalimpanda mpaka kwenye meno, akayaacha yapite. Akaweka uzito kidogo, akaongeza, akauweka wote. Nyama ililia, lakini chini ya nyama kulikuwa kimya. Hakuna kilichosogea. Alijua kazi iliyoshika inavyohisika, tofauti ni kwamba hii ilikuwa ndani yake.

Mugure alinyoosha mkono.

"Usinishike."

Akafika mlangoni, hakusimama. Akatokea kwenye ujia, kifua mbele, Kibii akimfuata nyuma. Mgonjwa mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake ya kupasuliwa aliinua kichwa.

"Mzee, inauma?"

"Inauma sana."

"Na mbona unatabasamu?"

"Daktari wako ni nani?"

"Huyo Jepleting."

"Lala usingizi," Njuguna alisema, akasukuma fremu mbele.