Amani ya Nyumba ya Radi

Fundi cherehani aliolewa na mchomelea vyuma kwa hiari yake, hakulazimishwa na mtu, kwa hiyo kelele alizozipata alijitakia mwenyewe. Mume huyo mtaa mzima ulimwita Radi. Karakana yake ilitenganishwa na chumba cha cherehani kwa ukuta mmoja tu, na kwa miaka ishirini na miwili ile mashine yake ya mezani ya kukatia vyuma ilipiga mayowe tangu asubuhi hadi jua linazama. Mke alishona huku meno yakimtetemeka. Kila siku alimwomba mumewe kitu kimoja, amani.

Kumwita Radi kwa mdomo ilikuwa kazi bure. Basi chakula kikiiva, mke alikwenda kwenye swichi kuu nyuma ya mlango wa jiko, akaizima. Mashine inakata roho, Radi anaingia akipangusa mikono kwenye suruali, anakaa, anasema, "Haya, amani yako hiyo hapo." Hakubuni utani mwingine mpaka anaingia kaburini.

Sasa ana wiki ya tano ardhini, na amani imekuwa neno la kila mgeni. Kiongozi wa dini alimwombea marehemu apumzike kwa amani. Wifi alimshika mabega, akamwambia amwachie Mungu, atapata amani ya moyo. Jirani wa nyuma, ambaye hajui kuficha la moyoni, alisema mtaa siku hizi una amani, hata vichanga vinalala mchana. Redio nayo ikatangaza kwamba mataifa mawili yametia saini mkataba wa amani, yeye akaendelea kukunja pindo la sketi. Wote aliwaitikia asante. Hakulia msibani wala baadaye. Wapo walionong'ona kuwa ana moyo wa jiwe, na yeye alipojipapasa kifuani aliona pengine wana haki. Hakukuwa na uchungu wala nafuu. Alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Shemeji, mdogo wa marehemu, alipopendekeza mashine iuzwe, alikubali hata kabla hajamaliza kusema. Fundi wa nguo na vyuma wapi na wapi? Jumamosi mchana shemeji akaleta mnunuzi, na mnunuzi hakutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Akaomba iwashwe kwanza.

Mjane alikuwa jikoni anapakua. Mashine ikalia upande wa pili wa ukuta, vifuniko vya sufuria vikatetemeka kwenye rafu. Akafunika chakula, akanawa mikono, akaenda nyuma ya mlango akazima swichi.

"Chakula tayari," aliita. "Njoo ule kabla hakijapoa."

Hatua zikasikika ukumbini. Alisimama akisubiri ule utani.

Aliyetokea mlangoni ni shemeji, anauliza kama umeme umekatika. Kisha akaona sahani mbili mezani, na vijiko viwili, na kiti kilichokwisha kuvutwa. Akavua kofia.

Mjane naye akaziona sahani. Ganzi ikitoka mguuni huuma, nayo ilianza kumtoka hapo hapo, mbele ya chakula.

"Mnunuzi anasubiri, shemeji," alisema yule bwana taratibu. "Nikamwambieje?"

"Mwambie atusamehe kwa usumbufu. Haiuzwi."

Akanyoosha mkono, akawasha swichi. Kule karakanani mnunuzi hakuwa amekumbuka kuizima mashine, nayo ikaanza upya yenyewe. Vifuniko vikatetemeka tena. Ndani ya kelele zile mjane akafungua mdomo akalia kwa sauti yake yote, na mtaa haukusikia kitu.