Upande wa Rweya

"Jalada hilo si lake," Kyomugisha alisema. "Angalia jingine."

Karani wa mahakama ya wilaya hakuinua kichwa. "Projest Rweyemamu, bwana mifugo, mkazi wa Kihanga. Si mwanao?"

"Ni mwanangu."

"Basi ndilo hili."

"Lakini umesoma mshtakiwa."

"Nimesoma kilichoandikwa. Mshtakiwa, Projest Rweyemamu. Kosa, kuendesha chombo cha moto kwa hatari. Mshtakiwa amefariki dunia, jalada limefungwa."

Kyomugisha aliushika ukingo wa meza. Tangu Juni hadi Novemba, mwaka ule wa 1989, alikuwa amefika mjini mara sita kuulizia kesi. Polisi walimwambia jalada liko mahakamani. Mahakamani wakamwambia liko polisi. Mara ya nne mwenye funguo za kabati alikuwa likizo. Kila mara alirudi nyumbani akijisemea kwamba kesi ya kumshtaki mwenye lori inakwenda polepole, kama mambo yote ya serikali. Kumbe haikuwa na pa kwenda.

"Mtu aliyekufa anashtakiwaje?" aliuliza.

"Hashtakiwi. Ndiyo maana limefungwa."

"Kama hashtakiwi, mbona ni mshtakiwa?"

Karani akamtazama kama mtu anayemtazama kuku aliyeingia kanisani. "Mama, mimi natunza majalada, siyatungi. Nenda kwa mwendesha mashtaka, chumba cha mwisho."

Akaenda. Kichwa kilikuwa kizito kama amekunywa rubisi ya jana. Mwanawe aliuawa na lori. Hilo alilijua kama alivyolijua jina lake. Sasa karatasi ilisema mwanawe ndiye mkosaji, na karatasi ilikuwa na muhuri.

Mwendesha mashtaka, Inspekta Kashaija, alikuwa mtu mwembamba wa makamo aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Angalau huyu alijua adabu. Alisimama, akasema, "Shikamoo mama," akamvutia kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatuma jalada liletwe, akatoa karatasi moja yenye mistari na kuitandaza mezani.

"Huu ni mchoro wa mahali pa ajali. Trafiki aliupima kesho yake. Hapa hakuna aliyeona lori likigonga, isipokuwa dereva na utingo wake, na hao wote wawili wanasema pikipiki iliwafuata upande wao. Kwa hiyo tunatazama mchoro. Unauona?"

Kyomugisha hakuona kitu. Aliona mistari miwili mirefu, na misalaba, na tarakimu. Akaugeuza mchoro juu chini. Akaugeuza tena.

"Hii ni barabara ukiitazama kutoka juu," Kashaija alisema. "Kama ndege."

"Mimi si ndege, mwanangu."

Inspekta akacheka kidogo. Akaweka kidole. "Huku Bweranyange. Huku Kihanga. Mwanao alikuwa anarudi kutoka Bweranyange kuchanja ng'ombe, ndiyo? Anakuja hivi, ashike kushoto kwake. Kushoto kwake ni huku, kwenye malisho. Lori linatoka Kihanga, linakwenda hivi, nalo lishike kushoto kwake, huku kwenye migomba. Sasa pikipiki imekutwa wapi? Hapa. Kwenye migomba. Upande wa lori. Ndiyo kusema mwanao aliacha upande wake, akalifuata lori kwenye njia yake."

Hapo ndipo mistari ilipogeuka kuwa mahali. Migomba ile ilikuwa ya kibanja chake mwenyewe. Upande wa pili, palipoandikwa malisho, ilikuwa ile rweya, nyasi tupu mpaka kilimani, ambako watu wa ng'ombe hupitisha makundi yao. Kyomugisha akaweka kidole chake kando ya kidole cha inspekta.

"Hakuanguka hapa," alisema. "Alianguka rweya."

"Pikipiki imekutwa hapa."

"Imekutwa, ndiyo. Lakini haikuangukia hapa. Tuliivusha."

Inspekta Kashaija akavua miwani. "Mliivusha nani na nani?"

Kyomugisha akaondoa kidole chake kwenye mchoro.

Siku ile alikuwa akipura maharage uani. Alisikia kishindo, kisha lori likinguruma kwenda zake bila kusimama. Theoneste, mtu aliyemlimia kibanja, alifika barabarani kabla yake. Projest alikuwa amelala kwenye nyasi za upande wa rweya, kofia ya chuma imemtoka, kisanduku cha chanjo kimepasuka na barafu inayeyuka vumbini. Alikuwa amekwisha kufa. Baada ya hapo, kumbukumbu ya Kyomugisha ilikuwa vipande vipande. Mtu alisema, hatuwezi kumwacha mtu njiani magari yampite kama mbwa. Huenda ni yeye aliyesema. Walimvusha wakamlaza kwenye kibanja chake, juu ya majani ya mgomba, kichwa kikielekea nyumbani. Nani angefanya vinginevyo? Na pikipiki ikavushwa pia, ikaegemezwa kwenye migomba. Polisi walikuja kesho yake mchana, kwa sababu gari lao lilikuwa bovu. Waliuliza pikipiki iko wapi, watu wakaionyesha. Hakuna aliyeuliza ilikuwa wapi kabla.

"Mama, nakuuliza. Nani na nani?"

Theoneste alivuka mpaka kwenye Mto Kagera miaka kumi na miwili iliyopita akiwa na jembe na shati moja. Hakuwa na kibali, hakuwa na kadi, hakuwa na karatasi yoyote isipokuwa kadi ya ubatizo ya parokia aliyotoka. Akisikia gari lolote barabarani, aliacha jembe lilipo akaingia ndani ya migomba mpaka lipite. Watoto wa kijiji walimtania wakimwita Sungura. Kyomugisha alimwona sasa machoni pake, amesimama mbele ya meza hii, mbele ya kofia ile ya polisi iliyotundikwa ukutani.

"Mimi," alisema. "Peke yangu."

"Mama, pikipiki ile ina uzito wa magunia mawili ya kahawa."

"Nimezaa watoto saba, inspekta."

"Sikatai. Lakini nikimpelekea hakimu maneno hayo, atanicheka." Akafikiri kidogo, akasimama. "Iko nyuma ya kituo cha polisi. Twende."

Pikipiki ililala chini ya mkaratusi, kati ya baiskeli zilizookotwa na milango ya bati. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda kama kata ya kubebea mtungi. Kyomugisha hakuwa ameiona tangu Juni. Kwenye tangi bado kulikuwa na kibandiko cha Mtakatifu Kristofa, ambacho Projest alikibandika mwenyewe.

Akafunga kanga vizuri kiunoni, akashika usukani.

Askari kijana aliyekuwa amekaa kwenye debe akaangua kicheko. "Afande, bibi atavunjika kiuno hapa, tuandike ajali nyingine."

"Wewe hata shikamoo hukunipa," Kyomugisha alisema bila kugeuka. "Usinitabirie kiuno."

Akavuta. Haikusogea. Akavuta tena, visigino vikachimba chini, na chuma kikalia, kikasogea hatua moja. Kisha ya pili. Kisha ya tatu. Mikono ikakumbuka kitu ambacho kichwa kilikuwa kimesahau: ubaridi wa usukani, harufu ya petroli iliyomwagika, uzito unaovuta nyuma kama ng'ombe asiyetaka kuingia zizini. Akaona wazi kabisa kwamba siku ile alikuwa peke yake. Hakudanganya. Alikuwa peke yake!

Akaachia. Pumzi ilikuwa imemwishia.

Inspekta Kashaija hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa amechuchumaa, akitazama ardhi. Chuma cha kukanyagia, kilichokuwa kimepinda kwenda chini, kilikuwa kimechora mfereji mwembamba nyuma ya pikipiki, umenyooka kama umepigiwa rula. Akafunua jalada juu ya goti, akatafuta kwenye mchoro.

"Upo," alisema polepole. "Trafiki aliuandika. Mchubuko barabarani, mita sita na nusu. Unaanzia malisho unaishia migomba. Ameupima vizuri, wala hakujiuliza umetoka wapi." Akapiga karatasi kwa kidole. "Lori linakwenda huku. Pikipiki inakuja huku. Chombo kilichogongwa na lori kinaburuzwa kwa kuifuata barabara. Hakikati barabara katikati, kama mtu anayekwenda kuomba moto kwa jirani."

"Kwa hiyo nimeshinda?"

"Hapana, mama. Hujaanza." Akasimama, akapangusa magoti. "Nitaomba jalada lifunguliwe, dereva aitwe. Tarehe kumi na nne Desemba utakuja, utashika Biblia, utamwambia hakimu uliyoniambia. Wakili wa dereva atakuuliza kwa nini uliharibu mahali pa ajali. Atakuuliza mpaka ujute."

"Na jina la Projest? Pale juu?"

"Kulifuta si kazi ya kalamu yangu. Ni ya hakimu."

Kyomugisha alirudi nyumbani nyuma ya gari la chama cha ushirika, amekaa juu ya magunia, hajui kama afurahi au alie. Alikuwa amelitafuta kosa la dereva kwa miezi mitano, na kosa la kwanza alilolipata lilikuwa la mkono wake mwenyewe. Kama wangemwacha Projest alipoanguka, jina lake lisingeandikwa pale juu. Lakini ni mama gani angemwacha?

Alimkuta Theoneste anapogoa migomba ya kando ya barabara. Jua lilikuwa bado liko juu ya rweya. Akamweleza yote palepale, amesimama, mzigo wake mkononi. Alipofika mahali pa kuvuta pikipiki peke yake, Theoneste akashusha panga.

"Mukecuru," alisema. Ndivyo alivyomwita siku zote, kwa heshima ya kwao. "Hukuwa peke yako."

"Wewe ulikuwa na Projest."

"Projest tulikwisha kumlaza. Ulirudi barabarani, ukasema mali ya serikali isilale njiani. Wewe ulivuta mbele, mimi nilisukuma nyuma."

"Si kweli. Mikono yangu inakumbuka. Leo nimeivuta mwenyewe, wameniona!"

"Umevuta hatua ngapi?"

"Tatu."

Theoneste akaivuka barabara mpaka upande wa rweya, akasimama kwenye nyasi, mahali hasa ilipoangukia pikipiki. Greda lilikuwa limepita tangu Juni, mchubuko haukuwepo tena, lakini wote wawili walipajua. "Kutoka hapa mpaka hapo ulipo ni hatua kumi na moja, mukecuru."

Kyomugisha alitazama upana wa barabara kana kwamba mtu ameuongeza alipokuwa mjini. Akatafuta kichwani uso wa Theoneste nyuma ya pikipiki. Aliona vumbi. Akatafuta tena. Vumbi tu. Je, kule kituoni alisema uongo ambao mikono yake iliuamini? Au Theoneste ndiye aliyechanganyikiwa? Na hiyo tarehe kumi na nne, akishika Biblia, aape kwa kumbukumbu ipi?

"Hukuwepo," alisema kwa sauti kubwa, kutoka upande huu hadi upande ule. "Umenisikia, Theo? Hukuwepo."

"Nilikuwepo."

"Watakuuliza karatasi!"

"Wataniuliza."

"Una karatasi gani, mtu wewe? Utawaonyesha ubatizo?"

"Padri aliandika vizuri sana," Theoneste alisema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akacheka. "Wakili atakuambia uvute hatua kumi na moja mbele ya watu. Utashindwa. Halafu Projest atabaki na kosa lake milele. Mimi nilimchimbia kaburi, mukecuru. Sitaki kumchimbia na hili."

Kabla Kyomugisha hajajibu, lori likaja kutoka Kihanga. Ilikuwa siku ya gulio, na siku ya gulio lilipita siku zote, lori lilelile lenye bodi ya bluu, dereva yuleyule, honi yake ndefu inayoanzia konani. Kyomugisha akarudi nyuma kwenye migomba. Lori likapita kati yao, kasi ileile, na vumbi jekundu likainuka likafunika kila kitu: rweya, barabara, mtu.

Alingoja. Alijua atakachokiona vumbi likitua, kwa maana alikuwa amekiona kwa miaka kumi na miwili: nyasi zikitikisika, na Theoneste hayupo.

Vumbi likatua. Theoneste alikuwa amesimama palepale, nyusi nyekundu, panga mkononi, amelikodolea macho lori lililokuwa likipotea.

Kisha akaanza kuvuka kuja upande wake, hatua za kawaida, akihesabu kwa sauti kama mtoto wa shule. Saba. Nane. Alipofika kumi na moja, mguu wake ulikuwa kwenye jani la mgomba wa kwanza.

"Ulisema tarehe ngapi?" aliuliza.

Kyomugisha akafungua kinywa aseme kwamba amesahau. Mambo mengi yalikuwa yamempotea, na hili nalo lingeweza kupotea bila mtu kumlaumu.

"Kumi na nne," alisema. "Alhamisi. Na hiyo kadi ya ubatizo uje nayo."