Chupa ya Damari

Damari alikuwa na kiburi, tena kiburi cha haki. Bakteria wa homa ya mapafu ya ng'ombe aliwaotesha mwenyewe katika maabara ya mifugo pale Singida, akawaua, akawaponda, akakamua maji yao ndani ya chupa moja. Maji hayo yakikutana na damu ya ng'ombe aliyechanjwa, kingamwili, yaani askari wa damu walioletwa na chanjo, huyanasa, na kisima kidogo cha sahani ya plastiki yanamopimwa hugeuka buluu. Kwa asiyechanjwa hubaki cheupe. Kazi ya miezi saba, jamani, si mchezo!

Sasa majibu ya ng'ombe wa Mzee Alute wa Ikungi yakaja kumtibulia. Ng'ombe kumi na wawili, wote wana cheti cha chanjo. Tisa buluu, watatu weupe pe.

"Chupa yako imeharibika," akasema bosi wake, Dokta Kefa. "Ijumaa tunaimwaga."

"Haimwagwi!" Damari akasema. "Nipe siku mbili."

Kesho yake alikuwa Ikungi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Ila wangu wote walichomwa sindano! Daktari wa chanjo alihesabu kumi na wawili humu zizini, kwa macho yake."

Damari hakubishana. "Na hawa watatu, siku ile walilala hapa?"

Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole. Mkewe Raheli, aliyekuwa akipepeta mtama, akaangua kicheko. "Mume wangu! Si walikuwa kwa rafiki yako Antipasi? Na watatu wa kwake walikuwa hapa!"

Ndivyo wanavyofuga hao wawili: huyu huweka ng'ombe kwa yule, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimfilisi mtu. Baadaye kila mmoja alichukua wake.

"Antipasi naye alichanja?"

"Yule? Hajawahi hata siku moja!"

"Basi kwake kuna watatu buluu," Damari akasema. "Si wawili, si wanne. Wakikosekana, chupa naimwaga mwenyewe."

Akaenda kwa Antipasi, akawatoa damu ng'ombe wake wote kumi na mmoja, wala hakutaka kuonyeshwa ni wepi waliolala kwa Alute.

Ijumaa asubuhi Dokta Kefa alisimama nyuma yake na ndoo mkononi. Kisima kimoja kikaiva buluu. Kingine. Cha tatu. Wakangoja robo saa nzima, hakikuongezeka kingine.

Dokta akairudisha ndoo chini ya sinki.

"Mpigie Mzee Alute," akasema taratibu. "Mwambie watatu wake hawana kinga, awalete wachanjwe."

"Nilishampigia jana," Damari akajibu.