Rangi Juu ya Bomba

Mashine ya kuosha vyombo ililetwa asubuhi, ikawekwa katikati ya jikoni ikiwa bado ndani ya boksi lake, na mzee Brashi akaizunguka kwenda kuchemsha chai kama mtu anavyozunguka kiti. Hakuichukia wala hakuipenda. Tangu wamzike mke wake, hali yake ilikuwa hiyo. Watu walimsubiri alie, naye mwenyewe alisubiri, lakini machozi yalimpiga chenga. Alikula akipewa, alilala giza likiingia. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, na kusema kweli hakuwa na haraka ya kuuamsha.

Jina la Brashi alipewa na mtaa, kwa sababu alikuwa fundi wa kupaka rangi maisha yake yote, na kwa sababu hakuna ugonjwa wa nyumba ambao hakuuandikia dawa ya rangi. Ukuta una unyevu? Rangi. Dirisha limeoza? Rangi, tena tabaka mbili. Walimtania kwamba jino likimuuma atalipaka, naye alicheka nao, maana nyumba yake kweli ilipendeza kuliko zote.

Kitu kimoja tu alikuwa bado anakitaka duniani, nacho ni kubaki katika nyumba hiyo. Binti yake mkubwa aliona vyombo vinavyolala kwenye sinki mpaka vinaota ukungu, akakata shauri.

"Baba, mimi sitaki kukuhamisha kwa nguvu," alimwambia. "Lakini hivi huwezi kuishi. Nakuletea mashine. Ikifungika hapa, unabaki. Isipofungika, unakuja kwangu, na hatubishani tena."

Mzee alikubali shingo upande. Kubishana na huyu ilikuwa kazi bure, kwani kichwa kigumu alikuwa amekirithi kwa baba yake mwenyewe.

Fundi bomba alifika chai ikiwa bado moto. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mdomo wake haujui likizo. Alifunga koki kuu kule nje, akarudi, akapiga magoti chini ya sinki na kuwasha tochi.

"Mzee wangu, haya mabomba yana umri gani?"

"Niliyakuta."

"Mbona yanang'aa kama viatu vya bwana harusi?"

"Huwa nayapaka."

"Huwa unayapaka," fundi akarudia taratibu, kama daktari aliyeambiwa na mgonjwa kwamba huwa anakunywa mafuta ya taa.

Akaeleza kwamba mashine inataka njia yake ya maji, kwa hiyo lazima akate bomba na kuunga tawi, na kiungo hakishiki juu ya rangi. Akachukua brashi ya waya, akaanza kukwangua. Ilitoka rangi ya fedha, chini yake kijani, chini ya kijani rangi ya maziwa, kisha fedha nyingine. Mzee alisimama pembeni akizitambua moja moja. Kijani ilibaki alipopaka shule. Ya maziwa ilitoka zahanati. Kila moja ilikuwa jibu lake kwa mke wake. "Maji hayaji vizuri, mume wangu," mkewe alikuwa akisema, naye siku ya mapumziko alichuchumaa pale, akaona kutu inatoa jasho, akapiga msasa, akapaka. Alirudi nyuma hatua chache, akatazama. Bomba linang'aa, kazi imekwisha. "Limependeza," mkewe alisema, kila mara.

Ghafla brashi ya fundi ikazama. Maji yaliyokuwa yamebaki ndani yakamrukia usoni, mekundu kama matofali. Fundi akajifuta kwa mkono wa shati, akachungulia tena.

"Mzee, hapa hapana bomba. Rangi yako ndiyo ilikuwa bomba."

Binti, aliyekuwa mlangoni amekunja mikono kifuani, alicheka, kisha akajutia kicheko chake.

Fundi alikata kipande, akakigonga sakafuni na kumpa mzee. Kwa nje kilikuwa kinene cha kuaminika. Kwa ndani kutu ilikuwa imejaa pande zote, ikaacha kijitundu ambamo hata penseli isingepita.

"Hapa kujaza sufuria ni shughuli," fundi alisema. "Aliyekuwa akioshea vyombo kwenye sinki hili alikuwa na subira ya ajabu."

Mzee alikigeuza kile kipande mkononi.

"Basi haifungiki," binti akasema kwa upole. "Baba, tulikubaliana."

Hapo mzee akaogopa, na hofu hiyo ilimshangaza, maana alikuwa ameshaisahau. "Badilisha," akamwambia fundi. "Toka kule nje mpaka hapa. Vunja ukuta ukitaka." Huyu ndiye aliyekuwa hataki hata msumari ugongwe kwenye kuta zake. Binti alimtazama kidogo, kisha akamwashiria fundi kwa kichwa aendelee.

Fundi akashika nyundo na tindo. Vumbi likajaa nyumba nzima, na baba na mwana wakakimbilia kibarazani. Mzee alikuwa bado ameshika kile kipande.

"Mama yako alilalamika sana kuhusu maji," akasema.

"Najua, baba."

"Alikwambia?"

"Nani aniambie, na nikija hapa mimi ndiye ninayeosha vyombo? Alikuwa anakinga ndoo usiku kucha, ili asubuhi apate maji ya kuoshea."

Mzee aliikumbuka ile ndoo. Alikuwa akiiruka akienda kunywa maji, na alidhani ni mazoea tu ya mke wake, watu wazima hawakosi vituko.

"Nilitaka kuleta fundi bomba," binti aliendelea. "Zaidi ya mara moja. Alikataa katakata. Alisema, 'Baba yako ameshalishughulikia. Ukileta mtu mwingine utamvunja moyo.'"

Mzee alijaribu kusikia uchungu. Hakusikia kitu. Alijua tu kwamba neno hilo ni zito na limemwangukia, kama mtu aliyelalia mguu wake anavyojua kwamba umegongwa. Nyundo iliendelea kugonga ndani, na yeye akaendelea kukaa.

Jua lilipopunguza ukali, fundi akawaita. Ukutani palikuwa na mfereji mrefu uliozibwa kwa saruji mbichi, na chini ya sinki bomba jipya la plastiki. Mashine ilikuwa imefungwa mahali pake, ndani yake vyombo vyote vilivyokuwa vimelala kwenye sinki, ikinguruma kwa sauti ya chini. Hakuna kilichovuja. Fundi alikusanya vifaa vyake, akamtania mzee asije akaipaka mashine, akaaga.

"Haya, baba, umeshinda," binti akasema, na alifurahi kikweli. "Neno langu ni neno. Unabaki."

Mzee alichukua sufuria, akaiweka kwenye sinki, akafungua koki. Maji yalishuka kwa nguvu, meupe, yakamrukia shati. Sufuria ilijaa kabla hajajua la kufanya na mikono yake. Ikafurika. Hakufunga.

"Baba, yanamwagika."

"Nipeleke kwako."

"Nini?"

"Leo. Nipeleke leo."

"Lakini si haya hapa maji? Si ndicho ulichokuwa unapigania tangu asubuhi?"

"Kazi ya siku moja tu," mzee akasema, akiyatazama yanavyokwenda. "Siku moja, mwanangu, na mama yako alikinga ndoo miaka yote. Mtu ameingia asubuhi, ametoka jioni." Sauti yake haikutetemeka na macho yake yalikuwa makavu. "Siwezi kubaki humu peke yangu na maji haya."

Binti alinyoosha mkono, akafunga koki, akaenda chumbani kutafuta begi.