Cha Amana Hakitozwi

Mzee Mbwana wa Kinondo alikuwa na siku kumi na mbili kaburini, na bintiye Mwanarusi alikuwa bado hajapata kumlilia vizuri. Saa haikumpa nafasi.

Ilikuwa saa ya mfukoni, ya dhahabu, ya kale, yenye kifuniko na mnyororo, nzito kiganjani kama yai la bata. Mbwana alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa Galu, ambaye watu walimwita Bwana Mluzi kwa kuwa hakuacha kupiga mluzi hata akila. Alimpikia miaka ishirini na miwili. Mzungu alipoona kifo kinamjia, aliingia jikoni, akamtia mpishi wake ile saa mkononi, akamfumba vidole. Karatasi hakuandika. Na Mbwana naye, zamu yake ilipofika, alimwita bintiye.

"Nyumba na minazi watachukua wapwa zangu," alisema. "Ndiyo mila yetu, sina nguvu ya kuipinga. Wewe huna mume, huna mwana. Saa hii ni yako. Iuze, ujenge kwako, usiishi kwa hisani ya mtu."

Mwanarusi akaishona ndani ya mto wa sufi, akawa analalia nyumba yake. Nje, wapwa walikwisha kuitia minazi alama za chokaa, na walimwambia kwa upole kwamba mwezi ukiandama watahamia.

Kazi ilikuwa kuiuza. Mtu wa kumshauri alikuwa mmoja tu, baba yake mdogo, Boga, aliyewahi kuwa tarishi wa mahakama kwa miaka tisa, na tangu hapo hakukosa neno katika jambo lolote la sheria.

"Ukimpelekea fundi wa saa Mombasa," alisema Boga, "ataitazama saa, ataitazama leso yako, kisha ataita askari. Mwanamke wa Kinondo na dhahabu ya Kizungu, wapi na wapi?"

"Nitasema ni urithi."

"Karatasi iko wapi? Urithi usio na karatasi ni wizi uliochelewa kujulikana."

"Basi twende Kwale, wakaniandikie."

Boga akacheka mpaka akakohoa. "Wakuandikie! Wakuandikie, kisha wabandike ubaoni: marehemu Mbwana ameacha saa ya dhahabu, mwenye dai na aje. Siku thelathini, Mwanarusi! Wapwa watakuja mbio, wezi watawatangulia, na nyuma yao wote atakuja mtu wa kodi."

"Kodi gani tena? Baba alilipa ya kichwa mpaka mwaka huu wa kufa kwake."

"Hiyo ilikuwa ya kuishi. Kuna nyingine ya kufa."

"Hata maiti hutozwa?"

"Maiti hatozwi. Hutozwa aliyemlilia."

Boga akasogeza kigoda, akashusha sauti. "Nisikilize. Cha amana hakitozwi. Nimelisikia kwa masikio yangu haya, mbele ya hakimu. Kitu cha amana si mali ya marehemu. Hakiingii katika mirathi, hakibandikwi, hakikatwi kodi. Sema saa ilikuwa amana mkononi mwa baba yako. Watakuandikia hivyo, na karatasi ni karatasi."

"Lakini si kweli, baba."

"Si kweli vipi? Kaka yangu hakuwa akisema kila siku, mwana ni amana, mwili ni amana? Dunia nzima ni amana!"

Neno lile lilimkaa Mwanarusi kooni kama mwiba wa changu. Lakini alipofikiri juu ya ule ubao, na macho ya Kinondo nzima yakiusoma mto wake, akalimeza.

Walipanda lori la mbata mpaka Kombani, wakakwea kilima kwa miguu mpaka ofisi ya Kwale. Karani wa mirathi, kijana aitwaye Jefwa, mwenye kaptula iliyopigwa pasi ikakakamaa, alisimama alipowaona.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alikwenda mwenyewe akafunga mlango, wa barazani wasisikie. Akamletea Mwanarusi msahafu, akamwapisha. Kisha saa ikatolewa katika fundo la leso, ikawekwa mezani, na karani akaitazama kwa muda mrefu bila kuigusa.

"Ilikuwa ya marehemu?"

"Ilikuwa amana kwake," alisema Mwanarusi.

"Wallahi ni amana," Boga akadakia.

Karani akaandika. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Ya nani?"

Mwanarusi akamtazama Boga. Boga, ambaye kwa miaka tisa alisimama nje ya mlango na kusikia kila kesi nusu, akatazama boriti za dari.

"Amana ina mwenyewe, mama. Ni ya nani?"

"Ya Bwana Mluzi," alisema, kwa kuwa hapakuwa na jina jingine duniani. "Lakini amekwisha kufa."

"Basi ni ya warithi wake. Jamaa zake waliiuza nyumba ile ya Galu mwaka juzi, anwani yao tunayo. Nitawapelekea."

"Alimpa baba!" Mwanarusi akasimama. "Alimpa kwa mkono wake, akamfumba vidole!"

Jefwa akaiweka kalamu chini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Mwanarusi.

"Mama, taratibu. Sasa hivi umeapa kuwa ni amana, na mzee ameapa pamoja nawe. Nikiandika kuwa ilikuwa zawadi, sina budi kuandika pia kwamba kiapo cha kwanza kilikuwa cha uongo, na faili litatoka kwangu liende kwa polisi. Wao hawatauliza habari za kodi. Watauliza mpishi aliipataje dhahabu ya bwana wake, na kwa nini bintiye aliogopa kusema."

"Na hiyo kodi?" Boga aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ya wenye mashamba makubwa, mzee. Saa moja isingeifikia. Mngekuja na kweli, ningeibandika siku thelathini, basi. Mficha uchi hazai."

Mwanarusi alibaki amesimama. Upande mmoja kulikuwa na nyumba. Upande wa pili kulikuwa na jina la mtu ambaye hakupata kuiba hata chumvi ya bwana wake, na ambaye sasa hawezi kujitetea.

"Andika amana," alisema.

Njiani kuteremka, Boga alitembea hatua tatu nyuma yake. "Angalau," alisema, "hapana aliyejua."

Mwezi uliandama siku ya Ijumaa. Jumamosi wapwa walihamia, na Mapenzi, mke wa mkubwa wao, akampa Mwanarusi banda la kukaushia mbata, mpaka hapo atakapopata pengine.

"Wifi, maskini," alisema Mapenzi, akimwangalia akikunja mkeka. "Miaka yote ile kwa Mzungu, baba yako hakukuachia hata kitu kimoja?"

"Hakuniachia."

"Basi pesa alikula zote. Wapishi ndivyo walivyo."

Mwanarusi aliinua mkeka begani, akatoka nao.